Jinsi ya Kulinganisha Chipukizi Wawili wa Mpira wa Kikapu Kabla ya Drafti ya NBA

Kila mwaka mwezi wa Juni unapokaribia, wakati wa drafti, yaani zamu za timu za NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, kuchagua wachezaji wapya, vijana wanaoanza kufuatilia mpira wa kikapu huniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: kati ya huyu na yule, nani anastahili kuchaguliwa mbele? Mara nyingi muulizaji ameshatazama video fupi iliyojaa danki (mpira kusukumizwa kikapuni kwa mkono kutoka juu), ameshasoma orodha ya utabiri ya mtu mwingine, na moyoni ameshamchagua wake. Nimeandika mwongozo huu ili usianzie huko. Ukiufuata utapata jibu lako mwenyewe, ambalo utaweza kulitetea kwa hoja.

Mfano nitakaoutumia ni wa drafti ya tarehe 25 Juni 2009: Hasheem Thabeet wa Chuo Kikuu cha Connecticut na DeJuan Blair wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Nimewachagua kwa sababu walicheza ligi moja ya vyuo, Big East, msimu mmoja, wote wakicheza karibu na kikapu, na mwisho wa msimu waligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo. Mfano safi kama huo haupatikani kila mwaka. Sababu ya pili ni kwamba Thabeet ni wa kwetu, kijana wa Dar es Salaam aliyekuja kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Wengi wetu tulikesha usiku ule tukisubiri jina lake litajwe, na mtu anayemsubiri ndugu hapimi kwa mizani iliyo sawa. Ukiweza kumpima Thabeet kwa haki, utaweza kumpima yeyote.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Uwe na daftari au lahajedwali yenye safu mbili, moja kwa kila mchezaji. Tafuta takwimu zao za kila msimu waliocheza, si za msimu wa mwisho peke yake. Tafuta tarehe zao za kuzaliwa, vipimo vya miili yao vilivyochukuliwa kwenye kambi ya majaribio ya kabla ya drafti, ambayo hufanyika Chicago, na orodha ya wachezaji wa timu inayotarajiwa kuchagua. Juu ya yote, tafuta rekodi za michezo minne kamili ya kila mmoja, mwanzo hadi mwisho. Kazi yote itakuchukua jioni sita au saba. Anayekwambia ameimaliza kwa saa moja amesoma orodha ya mtu mwingine.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

"Nani ni bora?" ni swali lisilo na jibu. Andika unauliza kwa ajili ya timu gani, kwa nafasi ya ngapi, na kwa muda gani. Kwa mfano wetu sentensi ingekuwa hivi: "Kwa Memphis Grizzlies, wenye nafasi ya pili mwaka 2009, ni yupi kati ya Thabeet na Blair atakayesaidia zaidi katika miaka minne ya mkataba wa kwanza?" Sentensi hiyo ikae juu ya ukurasa, uirudie kila unapohisi unapotea.

Hatua ya 2: Jaza vipimo vya mwili

Chukua vipimo vya wote wawili kutoka chanzo kimoja, vilivyopimwa kwa namna moja. Urefu unaotangazwa na vyuo mara nyingi huwa wa ndani ya viatu, na wakati mwingine huongezewa kidogo. Thabeet aliandikwa kuwa na futi 7 na inchi 3, yaani sentimeta 221. Blair aliandikwa futi 6 na inchi 7, yaani sentimeta 201. Tofauti ya sentimeta 20 haihitaji mjadala, ila usiishie hapo. Andika pia urefu wa mikono ikitandazwa na kimo anachofika akiinua mkono bila kuruka, kwa sababu mpira unafikiwa kwa mkono, si kwa utosi.

Tahadhari: vipimo vinakueleza mchezaji anaweza kufanya nini, navyo havisemi kama anakifanya. Watu wengi hujaza hatua hii, wakaona safu moja ina namba kubwa, wakafunga daftari.

Hatua ya 3: Soma saa mbili za umri

Kila chipukizi ana saa mbili. Ya kwanza inahesabu tangu alipozaliwa, ya pili inahesabu tangu alipoanza kucheza kwa dhati. Thabeet alizaliwa tarehe 16 Februari 1987, hivyo siku ya drafti alikuwa na miaka 22. Blair alizaliwa tarehe 22 Aprili 1989, alikuwa na miaka 20. Kwa saa ya kwanza, Blair alikuwa akitoa mazao yake akiwa mdogo kwa miaka miwili, na katika umri huo miaka miwili ni mingi sana.

Kwa saa ya pili mambo yanageuka. Thabeet aligusa mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza akiwa na takribani miaka 15, akahamia Marekani kusoma sekondari, na mwaka 2006 akaingia Connecticut. Mwenzake alikuwa amekulia katika mchezo huo.

Wengi humpa aliyechelewa kuanza alama za bure kwa hoja kwamba "bado anajifunza". Mimi hutoa alama hizo kwa sharti moja: maendeleo yaonekane kwenye karatasi mwaka hadi mwaka. Katika misimu yake mitatu ya chuo, wastani wa pointi za Thabeet ulipanda kutoka 6.2 hadi 10.5 na kisha 13.6, ribaundi (mipira anayoidaka baada ya mtupo kukosa kikapu) kutoka 6.4 hadi 7.9 na kisha 10.8. Hapo sharti limetimia. Lakini pasi za kufungia, yaani zinazompa mwenzake nafasi ya kufunga, hazikufika hata moja kwa mchezo katika msimu wowote kati ya hiyo mitatu. Mwili na juhudi vilikuwa vimekua. Kusoma mchezo akiwa na mpira mkononi kulikuwa kumebaki pale pale. Maendeleo ya namna hiyo yaandike kwa mistari miwili tofauti, usiyachanganye.

Hatua ya 4: Badili takwimu ziwe za dakika 40

Wastani wa mchezo unadanganya pale mmoja anapocheza dakika nyingi kuliko mwenzake. Gawanya kila takwimu kwa dakika alizocheza, kisha zidisha kwa 40, ambazo ndizo dakika za mchezo wa chuo.

Msimu wa 2008/09 Thabeet alicheza takribani dakika 32 kwa mchezo, akawa na pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo ya wapinzani aliyoizuia 4.2. Blair alicheza takribani dakika 27, akawa na pointi 15.7 na ribaundi 12.3. Fanya hesabu: kwa dakika 40 Thabeet anapata pointi 17, ribaundi 13 na nusu, na mitupo mitano aliyoizuia. Blair anapata pointi 23 na ribaundi 18. Kwenye wastani wa kawaida ribaundi zao zilipishana kwa moja na nusu. Sasa zimepishana kwa zaidi ya nne, na mwenye nyingi ndiye mfupi kwa sentimeta 20. Namba ya namna hiyo, inayokwenda kinyume na macho, izungushie duara, kwa sababu ndiyo utakayokwenda kuichunguza kwenye video.

Tahadhari: kabla ya kuiamini hesabu hii, jiulize kwa nini mchezaji alicheza dakika chache. Kama ni faulo au pumzi, dakika alizokosa ni udhaifu wake mwenyewe, na hesabu ya dakika 40 inampa sifa asiyoweza kuitimiza.

Hatua ya 5: Tenga takwimu zinazosafiri

Baadhi ya takwimu huhama na mchezaji kutoka chuo hadi NBA, nyingine hubaki chuoni. Ribaundi husafiri vizuri sana, kwa sababu kuutaka mpira na kujua unakodondokea hakutegemei ligi. Mitupo huru, ile anayopewa mchezaji baada ya kufanyiwa faulo, nayo husafiri: ni umbali ule ule, hakuna mlinzi, na inaonyesha ulaini wa mkono kuliko asilimia ya mitupo ya chini ya kikapu. Pointi zinazotokana na kuwa mrefu kuliko kila mtu uwanjani husafiri vibaya, kwa sababu huko anakokwenda kila mtu ni mrefu.

Thabeet alifunga asilimia 64 ya mitupo yake ya uwanjani na Blair zaidi kidogo ya 59, lakini kwenye mitupo huru wote wawili walikuwa wanazunguka asilimia 60 na kitu, kwa hiyo hapo hawakutenganishwa. Kwa mfano wa karibuni wa jinsi namba hii inavyosaidia, mtazame Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, ambaye naye alichelewa kuanza. Akiwa Chuo Kikuu cha Duke hakufikisha wastani wa pointi 9, lakini mitupo huru alifunga zaidi ya asilimia 75, na mwaka 2025 akachaguliwa wa 10. Mikono ya namna hiyo inafundishika.

Hatua ya 6: Tafuta walipokutana, kisha tazama bila kusikiliza

Hii ndiyo hatua nisiyokubali mtu airuke. Zima sauti ya mtangazaji, kwa sababu mtangazaji ana nyota wake. Tazama mchezo mzima mara moja, kisha urudie robo saa unazozihitaji, ukimfuata mchezaji mmoja tu hata pale mpira uko kwingine.

Thabeet na Blair walikutana Hartford tarehe 16 Februari 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22. Connecticut walikuwa namba moja nchini. Mapema tu katika mchezo huo wawili hao walifungana mikono wakigombea ribaundi, Blair akavuta, na Thabeet akapinduka juu ya mgongo wa mwenzake hadi sakafuni. Picha hiyo ilizunguka sana, na aliyeitazama hiyo peke yake alijifunza machache. Rudia uone kilichotangulia: Blair hakuwa amesimama akisubiri mpira. Kila mtupo ulipokuwa hewani alikuwa ameshashusha makalio, ameshaweka mgongo kwenye mapaja ya Thabeet, na anamsukuma nje ya eneo la sekunde tatu, lile lililochorwa mbele ya kikapu, kabla mpira haujagonga chuma. Thabeet alikuwa amesimama wima, magoti yamenyooka, akitegemea mikono. Mwisho wa mchezo Pittsburgh walishinda 76 kwa 68; Blair alikuwa na pointi 22 na ribaundi 23, Thabeet pointi 5 na ribaundi 4.

Duara lako la hatua ya 4 sasa limepata maelezo. Sentimeta 20 zililiwa na kitako kilichoshuka mapema.

Ukitazama, andika mambo haya kwa kila mmoja: miguu inafanya nini kabla mpira haujafika, mkono unadaka au unaparaza, akipokea mpira na wapinzani wawili wakamjia, macho yanaelekea wapi, na akikosea, anarudi kukaba au anabaki analalamika. Kwa mchezaji mrefu ongeza moja: mpinzani mwenye mpira anapopita kwenye skrini (mwenzake anaposimama kumzuia anayemkaba), je, mrefu huyu anaweza kutoka nje mita tano na kurudi, au anabaki chini ya kikapu?

Tahadhari: mchezo mmoja ni ushahidi, lakini si hukumu. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, katika mchezo mmoja wa maonyesho ya vijana nchini Marekani mwaka 2011 alipata pointi 12, ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10, na miezi michache baadaye akachaguliwa wa 7. Alidumu NBA miaka mingi kama mlinzi wa kikapu, ila hakuwa mfungaji. Aliyetazama ulinzi wake usiku ule aliona kweli. Aliyetarajia pointi nyingi alijidanganya. Kwa Thabeet na Blair nao, tazama pia mchezo wao wa marudiano wa Machi, ambao Pittsburgh walishinda 70 kwa 60, uone nani alijirekebisha.

Hatua ya 7: Wahamishie kwenye sheria za NBA

Kaa na jedwali lako ujiulize kila sifa itabaki na thamani gani sheria zikibadilika. Mchezo wa NBA ni wa dakika 48 badala ya 40, mstari wa pointi tatu juu ya duara uko mita 7.24 kutoka kwenye kikapu, mbali kuliko wa chuo, na muda wa kushambulia ni sekunde 24.

Kwa Thabeet sheria nzito kuliko zote ilikuwa nyingine. Chuoni mlinzi anaweza kusimama chini ya kikapu muda wote anaotaka. Katika NBA, tangu mwaka 2001, mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa ndani ya eneo la sekunde tatu zaidi ya sekunde tatu. Sifa kubwa iliyompa tuzo za mlinzi bora wa vyuo, yaani kusimama kama mnara na kuufunga mlango, ilikuwa inahitaji miguu ya kuingia na kutoka, kuingia na kutoka, usiku kucha. Ukiwa umeandika maelezo ya miguu katika hatua ya 6, jibu unalo tayari. Kwa Blair swali lilikuwa kama ataweza kufunga juu ya watu wanaomzidi urefu kila usiku, naye alijibu nusu ya swali hilo chuoni.

Hatua ya 8: Afya

Andika kila jeraha linalojulikana hadharani, kiungo kile kile kikirudia kikipewa uzito mara mbili. Blair aliumia kano za magoti yote mawili akiwa sekondari, na uchunguzi wa madaktari wa timu kabla ya drafti ukaonyesha kuwa kano zile za ndani hazikuwepo tena. Ndiyo sababu mchezaji bora wa ligi aliporomoka hadi nafasi ya 37, akachukuliwa na San Antonio Spurs. Wewe si daktari wala huna picha za magoti, kwa hiyo usiandike utabiri; andika tu kwamba hatari ipo, na kwamba inafupisha muda zaidi kuliko inavyopunguza ubora.

Hatua ya 9: Andika jina na tarehe

Rudi kwenye sentensi ya hatua ya 1. Mwaka 2009 Memphis walikuwa tayari na Marc Gasol, senta (mchezaji mrefu wa karibu na kikapu) kijana aliyemaliza msimu wake wa kwanza. Kumchukua senta mwingine katika nafasi ya pili kulimaanisha mmoja wao atakaa benchi, na James Harden, aliyekuja kuwa nyota, alikuwa bado hajachaguliwa. Alikwenda wa tatu. Kwa hiyo jedwali linaweza kukupa jibu la kweli ambalo halipendezi: kati ya hawa wawili, kwa nafasi hii na timu hii, hakuna hata mmoja. Liandike hivyo. Kisha andika ungemweka nani mbele ya mwenzake na kwa nafasi zipi. Weka tarehe, na usifute neno hata moja baada ya drafti.

Rejea karatasi hiyo baada ya misimu miwili. Thabeet alichaguliwa wa pili, na katika msimu wake wa kwanza alicheza dakika 13 kwa mchezo, na Februari 2010 akapelekwa kwa muda kwenye ligi ya maendeleo, ligi ndogo ya NBA. Blair katika msimu huo huo alicheza michezo yote 82, akiwa na wastani wa pointi 7.8 na ribaundi 6.4. Ribaundi zilisafiri. Magoti yaliyotisha kila mtu yalibeba msimu mzima. Weka alama mahali ulipopatia na ulipokosea, hatua kwa hatua, kwa sababu mwakani utakuja na jedwali jipya na makosa yale yale yatakuwa yanakungoja.

Ukikwama

*Wachezaji wanatoka ligi tofauti kabisa.* Usilinganishe namba kwa namba. Mwaka 2018 Trae Young aliongoza vyuo vyote vya Marekani kwa pointi na kwa pasi za kufungia kwa pamoja, 27.4 na 8.7. Luka Dončić, akiwa na Real Madrid, alikuwa na pointi 16 tu kwa mchezo katika EuroLeague, ligi kuu ya vilabu vya Ulaya. Lakini Young alicheza dhidi ya vijana wa umri wake, na Dončić alicheza dhidi ya watu wazima wanaolipwa, akawa mchezaji bora wa mashindano hayo akiwa na miaka 19. Uliza kwanza: anakabwa na nani?

*Mmoja amecheza michezo michache mno.* Kyrie Irving alicheza michezo 11 tu Duke, akachaguliwa wa kwanza mwaka 2011 na akawa nyota. James Wiseman alicheza mitatu tu chuoni, akachaguliwa wa pili mwaka 2020 na hakufikia matarajio hayo. Hapa rudi kwenye michezo ya sekondari na timu za taifa za vijana, na upanue nafasi unayompa: badala ya "wa 4", andika "kati ya 2 na 9".

*Wanacheza nafasi tofauti.* Acha kulinganisha takwimu zao. Mpime kila mmoja dhidi ya wachezaji watatu wa nafasi yake walioko NBA sasa, kisha ulinganishe umbali uliobaki kwa kila mmoja.

*Jibu lako linafanana mno na orodha za utabiri.* Funika majina ya safu mbili, mpe rafiki asiyefuatilia drafti asome maelezo yako ya hatua ya 6 na 7 peke yake, akwambie angemchukua yupi. Akishindwa kuona tofauti, maelezo yako hayajatosha, nawe bado una michezo ya kutazama.

*Mmoja ni wa kwenu.* Anza kujaza safu ya mwenzake. Kila sentensi ya sifa unayomwandikia wa kwenu iwe na dakika na mchezo ilikotokea. Isiyo na dakika, ifute.